Besi ya zamani iliyokwisha chokonolewa: cha kuanza nacho na cha kuacha

SWALI: Napiga gitaa la besi kwa kujifurahisha hapa Tanga, mwisho wa wiki, na wenzangu watatu. Nimenunua Fender Precision, besi ya Kimarekani, ambayo muuzaji anasema ni ya mwaka 1966. Imepakwa upya rangi nyeusi, na mwenyewe wa zamani alichimba nafasi ya pikapu (kifaa cha sumaku kinachonasa mlio wa nyuzi) ya pili karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini. Inanguruma, nyuzi ziko juu mno, na nyuzi za D na G, zile mbili nyembamba, zinasikika hafifu kuliko E na A. Nimepanga kununua pikapu mpya, daraja zito na saketi ya betri, kisha niirudishie rangi ya sunburst, ile ya manjano inayokolea weusi kingoni. Fedha haitoshi vyote kwa mpigo. Nianze na kipi? Na nitajuaje kama kweli ni ya 1966?

JIBU: Ndugu yangu, funga pochi kwanza. Mngurumo, nyuzi za juu na upande mmoja kusikika hafifu ni maradhi ambayo mara nyingi hutibika kwa bisibisi, mita ya umeme na risasi kidogo ya kuchomelea. Ukitangulia dukani utaishia na daraja jipya kwenye besi yenye shingo iliyopinda, na mngurumo uko palepale.

Tuanze na umri, maana kazi ya kuusoma ndiyo itakayokufungulia besi. Umri wa Fender ya miaka ile husomwa kwenye kisigino cha shingo, ile sehemu iliyozama ndani ya mwili. Legeza nyuzi zote hadi zilale, laza besi kifudifudi juu ya blanketi, kisha fungua skrubu nne za bamba la nyuma kwa zamu, kila moja nusu mzunguko, hadi shingo itoke yenyewe. Usiibetue kwa bisibisi. Rangi ya ukingoni hubanduka na mbao huchanika. Ukikuta humo kipande cha kadi au cha mbao nyembamba, usikitupe, na uandike kilikaa upande gani. Hiyo ni kabari ya kurekebisha mlalo wa shingo, na aghalabu iliwekwa kiwandani kwenyewe.

Kwa Precision ya 1966, tarajia muhuri wa wino wa mtindo huu: 5 MAR 66 C. Wengi husoma ile 5 kama tarehe. Si tarehe, ni namba ya aina ya shingo: 5 kwa Precision, 7 kwa Jazz Bass, besi nyingine ya Fender. Kisha mwezi na mwaka, na herufi ya mwisho ni upana wa shingo pale nyuzi zinapoanzia. C ni inchi 1¾, kama milimita 44 na nusu. A ni inchi 1½, upana wa kawaida wa Jazz Bass. Ukikuta muhuri unaanza na 7 ilhali kichwani pameandikwa Precision, shingo hiyo ina asili nyingine.

Muhuri ukiwa umefutika, geukia poti, kile kifaa kinachozungushwa na kitufe cha sauti au cha toni. Kwenye mgongo au ubavu wake kuna namba iliyogongwa. Tarakimu tatu za mwanzo ni za mtengenezaji, 137 kwa CTS na 304 kwa Stackpole. Mbili zinazofuata ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki. Kwa hiyo 304 6621 ni poti ya Stackpole ya wiki ya 21 mwaka 1966. Hapa pana mtego unaowanasa hata wauzaji waaminifu: Fender walijaza ghala kwa poti za 1966 na wakaendelea kuzifunga kwa miaka kadhaa iliyofuata. Poti ya asili ya 1966 inakuambia besi haikuundwa kabla ya hapo. Haikuambii iliundwa mwaka huo. Bamba la nyuma lenye herufi F kubwa, lililokuja mwaka 1965 baada ya CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, kuinunua Fender, lipe uzito mdogo kuliko vyote. Ni kipande cha chuma cha skrubu nne na hubadilishwa kwa dakika tano.

Tuseme yote yamethibitika. Bado ujue kwamba kwa mkusanyaji besi yako imekwisha kushuka bei: sokoni inakadiriwa kuwa rangi iliyopakwa upya pekee hukata karibu nusu, na shimo lililochimbwa kwenye mbao huzidi kuikata. Kwako wewe mpigaji hilo ni jambo jema. Umepata mbao, shingo na sumaku za zamani bila kulipa bei ya kabati la kioo, na unaweza kuipiga kila wiki bila hofu. Thamani iliyobaki imo kwenye shingo, pikapu ya asili, poti, kapasita na mashine za kukazia nyuzi. Kwa hiyo sharti ni moja: lolote utakalofanya liweze kurudishwa. Usitoboe tundu jipya, usipige msasa kichwani penye nembo wala ndani ya mfuko wa shingo, lile shimo la mwilini inamokaa, na kila kitu utakachokitoa kitie kwenye mfuko wenye jina na tarehe.

Sasa tuiweke sawa. Nunua nyuzi mpya kabla ya kugusa chochote, kwa sababu shingo hukaa kulingana na mvuto wa nyuzi utakazotumia. Seti ya kawaida ya 45 hadi 105 (unene kwa sehemu za elfu za inchi) inatosha. Ukitaka sauti nene ya zamani, nunua nyuzi za bapa, zile zenye mzingo laini usiokwaruza kidole. James Jamerson, mpigaji besi wa kampuni ya muziki ya Motown huko Marekani, alitumia za bapa nene sana, 52 hadi 110, kwenye Precision yake ya 1962, pamoja na sponji chini ya kifuniko cha daraja. Kwa shingo ya umri huu usianze na unene huo. Chukua za bapa za 45 hadi 100 na kipande cha sponji, utakaribia.

Tyuni besi kawaida. Funga kepo (kibano cha kubana nyuzi zote) kwenye freti ya kwanza, yaani kile chuma cha kwanza kinachokatiza shingo, bonyeza uzi wa E kwenye freti ya mwisho, kisha pima nafasi kati ya uzi na freti ya nane. Tumia fila geji, vile visahani vyembamba vya kupimia nafasi, ileile ya fundi wa pikipiki. Inayotakiwa ni milimita 0.3 hadi 0.35. Shingo nzuri haijanyooka kama rula. Ina upinde mdogo ili uzi upate mahali pa kutetemea. Nafasi ikizidi hapo, nondo ya ndani ya shingo inahitaji kukazwa. Kwenye Precision za miaka ile nati ya nondo iko kisiginoni na ina mkato wa msalaba, hivyo itakubidi ulegeze nyuzi na kuitoa shingo kila unapoirekebisha. Inachosha, lakini usichonge mwili ili kuifikia. Zungusha kulia robo mzunguko, rudisha shingo, tyuni, acha ilale usiku mmoja, pima tena. Nati ikikataa, usiilazimishe, maana nondo iliyokatika humo ndani ni kazi ya kubandua ubao wa freti. Itoe nje kabisa, safisha njia yake, tia tone la mafuta, jaribu tena. Na kwa kuwa uko pwani, pima upya masika yakiingia na yakiisha. Unyevu wa hewa ukibadilika, shingo huenda nao.

Unaporudisha skrubu za shingo, zungusha kila moja kushoto taratibu hadi uisikie ikidondoka kidogo ndani ya njia yake ya zamani, ndipo uikaze kulia. Ukiisukuma moja kwa moja itakata njia mpya, na baada ya mara tatu nne mbao haishiki tena.

Upinde ukiwa sawa, shusha nyuzi darajani. Kwenye freti ya 17, milimita 2.8 chini ya uzi wa E na 2.4 chini ya G ni kipimo kizuri kwa ubao wa freti wenye mviringo wa zamani wa inchi 7.25. Ukivishusha vitako vya nyuzi, vile vipande vya daraja vinavyokaliwa na nyuzi, hadi mwisho na bado nyuzi ziko juu, tatizo ni mlalo wa shingo. Weka kabari ya nusu milimita ndani ya mfuko, kwenye ukingo ulio upande wa daraja. Kichwa kitarudi nyuma kidogo na nyuzi zitashuka. Kadi ngumu au ukanda mwembamba wa mbao hufaa, plastiki laini haifai. Kama skrubu ndogo za vitako zimeshikana kwa kutu, zitie mafuta ya kupenya, ziache hadi kesho, na utumie ufunguo wa saizi kamili.

Maliza na usahihi wa noti. Uzi wa Fender una urefu wa inchi 34, milimita 864, kwa hiyo freti ya 12 iko milimita 432 kutoka uzi unapoanzia. Linganisha mlio wa kugusa tu juu ya freti ya 12 na mlio wa kuibonyeza. Wa kubonyeza ukiwa juu, rudisha kitako nyuma, mbali na shingo. Ukiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivi kwa nyuzi mpya pekee. Uzi uliochakaa hauna noti ya kweli ya kupimia.

D na G hafifu

Pikapu ya Precision imekatwa vipande viwili tangu 1957: kimoja kiko chini ya E na A, kingine chini ya D na G. Kabla ya kufungua chochote, bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho na upime umbali hadi kwenye sumaku. Karibu milimita 3 upande wa E na 2.5 upande wa G ni mahali pazuri pa kuanzia. Mara nyingi sponji au springi iliyo chini ya kipande kimoja imesinyaa, na kipande kimezama. Kiinue, upige, usikilize. Huenda ugonjwa ukaishia hapo.

Kama haukuishia hapo, chukua mita. Fungua upande mmoja wa waya wa pikapu kwenye poti na upime: pikapu nzima husoma karibu kiloomu 10 hadi 11, na kila nusu kama nusu ya hapo. Kwenye joto la nyuzi 32 za Selsiasi namba hupanda kwa karibu asilimia 5 kuliko kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, kwa sababu shaba huongeza ukinzani ikipata joto, kwa hiyo usishtuke ukiona 11.5. Vipande hivi vimeungwa kwa mfululizo. Waya ungekatika kabisa upande mmoja, besi nzima ingenyamaza. Kwako sauti bado ipo, basi tafuta nusu inayosoma chini sana kuliko mwenzake. Hiyo koili, yaani waya wake uliosukwa, imegusana ndani kwa ndani.

Pwani ugonjwa huu una chanzo kinachojulikana. Kwenye pikapu hizi waya umesukwa moja kwa moja juu ya sumaku, bila ukuta wa plastiki katikati. Hewa ya chumvi huzitia sumaku kutu, kutu hula ngozi ya waya, na waya wenyewe ni wa milimita 0.063, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi. Ndiyo maana usizibonyeze sumaku za Fender kwa kidole eti uzisawazishe. Zikiteleza kidogo tu hukata mizunguko ya ndani. Koili ikiwa imekufa, isukwe upya badala ya kununua pikapu nyingine: mizunguko karibu 10,000 kila nusu, kwa waya wa unene uleule, na kwa mwelekeo uleule wa mzunguko. Fundi anayesuka mota ndogo na mwenye mashine ya kuhesabu mizunguko anaiweza, ila umweleze kwamba mkazo wa mkono uwe mwepesi sana. Sumaku, mifuniko na bati la chini vinabaki vyake.

Mngurumo

Umeme wetu hutetema mara 50 kwa sekunde. G ya chini, freti ya tatu ya uzi wa E, hutetema mara 49. Hapo ndipo penye karaha yote: mngurumo umekaa katikati ya noti zako, na huwezi kuukata kwa kitufe cha toni bila kuikata besi yenyewe.

Pikapu ya Precision hujifutia mngurumo, maana nusu moja imeungwa kinyume cha nyingine na sumaku zake zimegeuzwa; nyuzi zinajumlishwa, mngurumo unafutana. Mshukiwa wa kwanza basi ni ile pikapu iliyoongezwa. Kama ni ya Jazz ya kawaida, ina koili moja. Kwenye Jazz Bass pikapu hizo ziko mbili na hufutiana zikifunguliwa sawa, lakini kwako haina mwenza. Funga kitufe chake chote. Mngurumo ukiisha, umempata.

Ukifunga kitufe kimoja na besi yote ikanyamaza, aliyeunga alikosea: waya wa pikapu uende kwenye mguu wa kati wa poti, na waya wa kutokea kwenye mguu wa pembeni. Na ukifungua zote mbili sauti ikawa nyembamba, yenye uwazi katikati, pikapu zinapingana. Badilisha nafasi za waya mbili za pikapu iliyoongezwa. Ile ya asili usiiguse.

Mngurumo ukibaki, fanya jaribio la mkono. Ukishika nyuzi na mngurumo ukapungua, erthi ya besi ni nzima na kinachokosekana ni kinga ndani ya mashimo. Kushika nyuzi kusipobadilisha kitu, lakini kushika chuma cha soketi ya jeki kukaupunguza, waya unaotoka kwenye poti kwenda chini ya daraja umekatika au umefunikwa na rangi mpya. Kwa besi iliyopakwa upya hili hutokea mno: rangi iliingia chini ya daraja na kuutenga waya na chuma. Inua daraja, kwangua ncha ya waya, ikalie chuma kisafi, imekwisha. Ukihisi kuchomwachomwa vidoleni, acha kupiga papo hapo. Hilo ni kosa la erthi kwenye amplifaya au kwenye nyaya za nyumba, na tiba yake haiko kwenye besi bali kwa fundi umeme.

Kwa kinga, funika kuta na sakafu za mashimo kwa utepe wa shaba wenye gundi inayopitisha umeme, hakikisha kwa mita kwamba vipande vyote vimeungana, kisha uunganishe na erthi. Angalia ulimi wa soketi usiguse shaba jeki ikiingia, la sivyo besi itanyamaza. Kibao cha mbele kiweke mbali kabisa na chuma cha kuchomelea. Vile vya zamani vya seluloidi hushika moto kwa kasi ya kutisha. Poti zinazokwaruza usizibadilishe. Pulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, zungusha mara thelathini, na kama zinasoma kati ya kiloomu 200 na 300 ziache ziendelee na kazi yake.

Orodha yako

Katika vyote ulivyopanga, kimoja nakiunga mkono: pikapu. Ninamaanisha ya pili, ile ya karibu na daraja. Nunua ya umbo la Jazz isiyonguruma, yenye koili mbili ndani ya mfuniko mmoja, ikae kwenye shimo lililopo. Pima shimo kwanza, kwa sababu pikapu ya Jazz ya darajani ni ndefu kuliko ya shingoni kwa milimita mbili tatu, na hapo ndipo watu huishia kushika patasi.

Saketi ya betri usiifunge ndani. Nafasi ya Precision haimezi betri ya volti 9, utalazimika kuchimba. Nunua ya nje, ya kukanyaga au ya kuweka juu ya amplifaya, ufanye kazi ileile. Daraja zito hubadilisha sauti kidogo kuliko linavyosifiwa. Kama vitako vyako havijaliwa, baki na la zamani. Ukilitaka sana, chagua linaloshika matundu matano yaleyale. Rangi iache. Kila anayekwangua ili kurudisha sunburst huondoa mbao, na mfuko wa shingo uliolegea hauna dawa rahisi.

Hamu ya kubuni ninaielewa, na ina ukoo wake. Mpigaji besi Jaco Pastorius husimuliwa kuwa aling'oa freti za Jazz Bass ya 1962, na aliufunika ubao kwa epoksi ya mashua. Jazz Bass ya 1977 ya mpigaji mwingine, Marcus Miller, ilipewa na fundi Roger Sadowsky saketi ya betri na daraja zito. Lakini zilipoguswa hazikuwa vitu vya kale, zilikuwa zana za kazi kama nyingine dukani. Fanya kama wao kwa besi ya pili. Mninga husinyaa kidogo sana ukikaushwa vizuri, hupigwa msasa kwa urahisi, na kwa unene wa milimita 44 unatoa mwili mzuri wa uzito wa kubebeka. Mvule nao ni imara lakini mzito begani. Ubao wa freti ufanye wa mpingo, mti uleule unaokwenda Ulaya kuwa klarineti. Ni mgumu kiasi kwamba hauhitaji vanishi, ila toboa na kukata mikato ya freti polepole na kwa msumeno mkali, na uuache ukauke miezi mingi, maana mpingo mbichi hupasuka. Na kwa kuwa ni mzito, uteue mbao nyepesi kwa sehemu iliyobaki ya shingo, la sivyo kichwa kitakuwa kinaanguka sakafuni kila unapoachia mkono.